Kulitoa duka la chapa kwenye programu za kraki: mwongozo kutoka Busia

Nina duka la kuchapa na fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ya malori. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine moja ya fotokopi. Wateja ni madereva wa trela, maajenti wa forodha, wanafunzi wa chuo, na akina mama wanaoleta barua za kuombea watoto kazi. Kwa miaka mingi kompyuta zangu zote zilikuwa na kraki tupu, yaani programu zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila leseni: Windows ya kraki, Office ya kraki, Photoshop ya kraki.

Asubuhi moja nikafungua duka, nikawasha mashine ya katikati, nikakuta kila faili imeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina. Hakuna hata moja iliyofunguka. Ndani ya kila folda kulikuwa na karatasi moja ya Kiingereza, jina lake _readme.txt: lipa dola 980 urudishiwe faili zako, au dola 490 ukilipa ndani ya saa 72. Siku mbili kabla nilikuwa nimeweka kraki ya programu ya kuhariri video, na maelekezo yake yalianza kwa kusema, "Zima antivirasi kwanza." Niliizima mwenyewe, kwa mkono wangu.

Baadaye nilijifunza kwamba virusi vile vinaitwa STOP au Djvu, na kwamba njia yao kubwa ya kuingia ni kraki. Mara nyingi havifungi faili tu, huja pamoja na programu nyingine inayokwapua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Sikulipa. Binti mmoja wa chuo alipoteza sura mbili za utafiti wake zilizokuwa kwangu tu, na mpaka leo nikimwona barabarani moyo unanienda mbio.

Mwongozo huu ndio njia niliyopita baada ya hapo. Nimeuandika kwa mwenye duka kama langu, lakini hata mwenye laptopu moja nyumbani utamfaa.

Anza kwa kujua ulichonacho

Watu wengi wamekraki kitu ambacho tayari ni chao. Laptopu nyingi za mitumba zinazoingia nchini zilitoka kiwandani na leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya ubao wa mashine yenyewe. Fundi anafuta, anaweka kopi yake, anaikraki, anachukua pesa yake. Mwenye mashine haambiwi.

Kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Ukiambiwa kuna tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo haizidi siku 180, basi umewekewa kraki ya kawaida, ile inayojifanya kompyuta yako ni ya shirika kubwa. Unaweza pia kuingia Settings, kisha System (kwenye Windows 10 ni Update & Security), halafu Activation. Maneno "your organization" yakionekana pale wakati wewe ni mtu mmoja na duka lako, umeshapata jibu. Dawa yake inaweza kuwa rahisi: pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, weka toleo lilelile la Home au Pro lililokuja na mashine, nayo itajitambua. Kwenye moja ya kompyuta zangu tatu ilikuwa hivyo. Miaka yote ile nilikuwa naiba kitu changu mwenyewe.

Kisha chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila kazi uliyofanya na programu uliyotumia. Mimi nilidhani nahitaji programu ishirini. Daftari lilionyesha saba: barua na wasifu wa kazi, PDF, skani, picha za pasipoti, kadi na mabango ya harusi, jedwali za maajenti, na kivinjari. Katika hizo saba, mbili tu ndizo zilizonisumbua, nami nitazieleza.

Hifadhi faili zako kwenye diski ya nje, halafu ichomoe uiweke mbali. Diski inayobaki imechomekwa itafungwa na virusi pamoja na kompyuta. Usihifadhi programu wala faili za .exe, chukua hati, picha na jedwali peke yake.

Badilisha programu kwanza, mfumo baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kijana anasikia habari za Linux, mfumo huria unaoweza kushika nafasi ya Windows, usiku huohuo anafuta Windows, kesho yake mteja yuko mlangoni na hajui hata jinsi ya kubadili ukubwa wa herufi. Kabla ya mwezi kwisha amerudi kwenye kraki, na sasa anawaambia watu Linux haifai. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikosea hivyohivyo.

Programu huria nyingi zinafanya kazi ndani ya Windows bila tatizo. Basi ziweke huko huko ulikozoea, uzitumie mwezi mzima. Mfumo ukija kubadilika, mikono yako itakuwa imeshazijua.

Niseme kidogo programu huria ni nini, maana watu wanaichanganya na kitu cha bure. Kraki nayo huilipii, lakini huna ruhusa nayo na hujui kilichomo. Programu huria imeandikwa na watu walioamua kwamba msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uwe wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Si kitu cha kuchezea. Wizara ya Afya ya Uganda inakusanya takwimu za hospitali kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. UgandaEMR, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vingi vya afya, imejengwa juu ya OpenMRS. Simu yako ya Android nayo inaendeshwa na kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Na sisi Waswahili tumo humo zamani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kutoka OpenOffice yenyewe ndiko ilikozaliwa LibreOffice mwaka 2010.

LibreOffice ndiyo ya kwanza kuweka. Ukiifungua tu, nenda Tools, Options, Load/Save, General, uchague hati zote zihifadhiwe kama .docx na jedwali kama .xlsx. Usiporekebisha hapo, mteja ataondoka na faili ya .odt, ataipeleka kwa mwajiri, huenda isifunguke vizuri, na lawama itakurudia wewe. Jambo la pili ni herufi. Hati nyingi zimeandikwa kwa Calibri. Usipokuwa nayo, mistari inasogea, ukurasa wa tatu unamwagika kwenye wa nne. Carlito imetengenezwa kwa vipimo vilevile vya Calibri, na Liberation Serif kwa vipimo vya Times New Roman. Ziwepo zote mbili. Na kazi yoyote ambayo haitahaririwa tena, mpe mteja kwa PDF.

Nilimpa mwanafunzi utafiti wake wa kurasa 70 nilioupanga kwa LibreOffice. Jedwali la yaliyomo lilikaa sawa, namba za kurasa sawa. Kilichogoma ni mchoro mmoja uliokuwa umechorwa ndani ya Word kwa mishale na visanduku, visanduku vilitawanyika. Niliuchora upya, nikaubandika kama picha. Tangu siku hiyo, hati yoyote yenye michoro ya namna ile naiangalia ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuchapa.

Kivinjari kiwe Firefox. Video na muziki, VLC. Picha za pasipoti, GIMP inatosha kabisa: kata, safisha mandharinyuma, panga nane kwenye karatasi moja. Mabango na kadi, Inkscape. Nywila za duka zikae KeePassXC, ziondoke kwenye kivinjari na kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Sasa zile mbili ngumu. Ya kwanza ni kazi ya kupeleka Nasser Road, Kampala, kwa wachapaji wakubwa. Wengi wao wanataka faili ya CorelDRAW, programu ya kulipia ya kuchorea, na GIMP si Photoshop. Rangi za mashine za kuchapa zinaisumbua. Nilichofanya: nachora kwenye Inkscape, nabadilisha maandishi yote kuwa michoro kwa "Object to Path" ili herufi zisibadilike huko ziendako, naingiza kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa inayojua CMYK, yaani rangi nne za wino wa mashine za kuchapa, natoa PDF. Mara ya kwanza niliomba wachape nakala moja tu niione. Bluu ilitoka iliyofifia, nikarekebisha, ya pili ikawa sawa. Mchapaji hajali umechorea wapi, mradi PDF yake iwe safi.

Ya pili ni jedwali za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya jedwali, ambazo maajenti huniletea. LibreOffice inazifungua, lakini makro nyingine hazitembei. Hapa sikutafuta ujanja. Nilinunua leseni moja halali ya Office, nikaiweka kwenye ile kompyuta yenye Windows yake halali, na kazi zote za makro zinafanyika pale. Gharama yake naigawa kwenye bei ya kazi hizo, na maajenti wanaelewa.

Kuhusu hoja ya umaskini

Najua utakachosema, maana nilikisema miaka kumi: hizo bei zimepangwa kwa watu wanaolipwa dola, sisi tufanyeje? Hoja ina uzito, na simlaani mwanafunzi aliyejifunzia Photoshop ya kraki kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Lakini sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta sawa na vitabu na nyimbo, na mwenye duka anayepata riziki kwa jasho la mtu mwingine hasimami mahali pamoja na mwanafunzi.

Tena anayeumia sana si kampuni kubwa ya ng'ambo. Anayeumia ni kijana wa Kampala au Mbale anayeandika programu ya kusimamia duka na kutaka kuiuza kwa bei yetu, halafu anaambiwa, "Mbona Photoshop yenyewe tunaipata bure?" Na kraki ndiyo iliyotufunga kwenye programu ghali. Tunajifunzia hizo shuleni, tunazitaka kazini, ofisi zinazinunua kwa kodi zetu, na programu huria ambayo ingetufaa tangu mwanzo hatuigusi kwa sababu ya ghali "haina bei". Mimi naamini hivyo kwa dhati. Filamu za kujaziwa kwenye flashi nazo niliziacha, ingawa zilikuwa zinaniletea pesa za chai kila jioni. Watafsiri wa vibandani, hao mavijei wanaozipa filamu sauti ya Kiganda, nao kazi zao zinanakiliwa bila kulipwa.

Linux Mint kwenye flashi, bila kufuta chochote

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Kompyuta zangu mbili zilikuwa katika hali hiyo. Niliziwekea Linux Mint toleo la Xfce, lililo jepesi. Mint inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 ikiwezekana, na nafasi ya GB 20.

Faili yake ni karibu GB 3, kwa hiyo ipakue usiku ukiwa na bando la bei nafuu. Ichukue linuxmint.com, kisha usiiamini mpaka uipime. Katika Windows fungua Command Prompt kwenye folda ilipo faili, andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Herufi zitakazotoka zilingane moja kwa moja na zile zilizo ndani ya faili ya sha256sum.txt utakayoikuta kwenye ukurasa wa kupakua. Usiruke hatua hii. Mwezi Februari 2016 wahuni walivamia tovuti ya Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili iliyochezewa; aliyeiweka bila kujua aliwafungulia wahuni mlango wa nyuma wa kuingilia kwenye mashine yake. Uhuria haufuti wajibu wako wa kukagua. Unakupa tu kitu kinachokaguliwa.

Andika faili hiyo kwenye flashi kwa kutumia Rufus au balenaEtcher. Flashi itafutwa yote. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au Esc kisha F9 kwa HP. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako.

Ukiwa humo, chapa. Chapa kurasa mbili, skani kitambulisho kimoja, unganisha Wi-Fi na modemu, cheza sauti. Printa nyingi za HP na Epson zinakubali zenyewe. Baadhi ya Canon zinagoma. Ni afadhali ujue leo ukiwa bado na Windows yako kuliko kesho.

Kila kitu kikikubali, bonyeza Install. Chagua "Erase disk" ikiwa tu nakala zako ziko salama kwenye ile diski ya nje. Kama una wasiwasi, chagua kuiweka kando ya Windows. Ukichagua "Erase disk", kwenye "Advanced features" weka usimbaji wa diski nzima. Mwizi akiondoka na kompyuta, hatasoma chochote. Lakini ukisahau nywila hiyo hata wewe hutasoma, kwa hiyo iandike uifungie nyumbani.

Faida moja niliiona wiki ya kwanza. Mwalimu wa shule ya msingi alikuja na flashi, analia kwamba mitihani yake yote imepotea, zimebaki alama za njia za mkato tu. Vile ni virusi vya flashi: huficha faili halisi, huweka njia za mkato za kukudanganya ubonyeze. Nilichomeka kwenye Mint. Faili zake zote zilikuwepo, wazi, kwa sababu hila ile imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Nilizikopi, nikaisafisha flashi, nikamrudishia. Sasa flashi yoyote ngeni inapitia Mint kwanza.

Simu ya duka

Kama unapokea kazi kwa WhatsApp, toa ile GB WhatsApp leo. Imetengenezwa na watu usiowajua, haitoki kwa wenye WhatsApp, na akaunti yako inaweza kufungiwa. Weka ya kawaida, washa uhakiki wa hatua mbili. Mazungumzo nyeti yapeleke Signal, programu ya ujumbe ambayo msimbo wake uko wazi. Programu za mikopo zinazotaka kusoma majina yote kwenye simu yako zinyime ruhusa hiyo au zitoe kabisa.

VPN, zile programu zinazopitisha intaneti yako kwa kampuni nyingine ili kukwepa vizuizi, tulizizoea tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, Julai 2018, na zaidi Facebook ilipofungwa Januari 2021. Watu walipakua yoyote iliyosema ni bure. Kumbuka mwenye VPN anaona unakoenda badala ya kampuni ya simu, kwa hiyo unabadilisha tu unayemwamini. Ukihitaji moja kwa ajili ya faragha, Proton VPN ina toleo la bure na msimbo wa programu zake uko wazi.

Siri za wateja

Nilipokuwa nahamisha faili, nilifungua folda ya Downloads ya mashine ya kwanza. Vitambulisho vya taifa, mbele na nyuma. Kurasa za pasipoti. Matokeo ya hospitali ya mama mmoja ninayemfahamu. Barua za talaka. Miaka mitano ya maisha ya watu wa Busia, na yeyote aliyekaa kwenye kiti kile angeweza kuyasoma. Na kwenye mashine ya katikati virusi vilikuwa vimepita juu ya vitu vya namna hiyohiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka anayekusanya taarifa za watu azichukue kwa ridhaa, azitumie kwa kazi iliyosemwa, na asizikalie zaidi ya inavyohitajika. Inasimamiwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na haizungumzi na benki peke yake.

Ninachofanya sasa ni hiki. Mteja anayetaka kukaa mwenyewe kwenye kompyuta anatumia kipindi cha mgeni. Kwenye Mint nenda "Login Window", sehemu ya "Users", ruhusu "guest sessions". Akitoka, kila alichofungua kinafutika: barua pepe, nywila, faili. Hakuna tena mtu wa kumkuta mwenzake bado yuko ndani ya WhatsApp yake.

Kazi ninazofanya mimi ziko kwenye folda moja iitwayo LEO. Jioni naifuta kwa Shift na Delete, pamoja na zilizotumwa WhatsApp, ambako nimeweka ujumbe ujifute baada ya saa 24. Anayetaka nitunze, mfano mwanafunzi wa utafiti, anasema mwenyewe, naandika jina na tarehe kwenye daftari, na nakala ya pili inaenda kwenye diski ya nje. Nimeshapoteza sura mbili za mtu, sitaki ya tatu.

Mashine ya fotokopi usiisahau. Nyingi kati ya zile kubwa za kidijitali zina diski ndani inayoweza kuhifadhi picha za ulichonakili. Kabla ya kuiuza au kuipeleka kwa fundi, tafuta kwenye menyu yake sehemu ya kufuta diski.

Ukutani nimebandika karatasi: "Faili yako inafutwa jioni. Ukitaka ifutwe sasa, sema." Wiki za kwanza hakuna aliyesema. Siku hizi kuna dereva mmoja wa trela anayepita kutoka Mombasa. Akishachapisha karatasi zake za mzigo halipi kwanza. Ananiambia, "Ndugu yangu, tufute." Namgeuzia skrini, anaangalia mpaka folda iko tupu, ndipo anatoa noti.